Antena na Simu ya Jumapili

Kwenye ukumbi wa mashine za kufuma nguo, ukimwita mtu kwa sauti umepoteza pumzi bure. Mashine zile zinapiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, na haikatiki mpaka zamu iishe. Mtu anaweza kusimama karibu nawe kiasi cha kukukanyaga na asisikie hata ukimtukania ukoo mzima. Ndiyo maana sisi wafumaji hatusemi kwa koo. Tunasema kwa midomo, tukiipanua kama tunatafuna kiazi cha moto, na kinachobaki tunakimalizia kwa mikono. Kiganja kikipita shingoni, msimamizi anakuja. Vidole viwili vikigongana, uzi umekatika. Ukimwona mtu ameshika kiuno anaangalia dari, hiyo ni habari ya mume wa fulani, na hapo hata wenye macho mabovu wanaona vizuri. Na mtu akipitwa na neno hasemi "sijasikia." Anasema "sijakuona." Tumezoea hivyo mpaka majumbani kwetu, na majirani wanatuona vichaa.

Mke wa mdogo wangu ndiye aliyekuwa kituo kikuu cha ukumbi ule. Mashine yake ilikuwa katikati, mahali ambapo pande zote zinaonekana, na hakuna neno lililotoka mlango wa stoo likafika mlango wa nje bila kupitia kwake. Akilichukua kwa macho huku, analitoa kwa mikono kule, na uzi wake haukatiki. Tukamwita Antena, na jina likamkaa mpaka hata mimi wifi yake nikaacha kulitumia lile alilopewa na wazazi.

Aliingia kiwandani akiwa msichana mwembamba wa kufagia vumbi la pamba chini ya mashine. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma midomo, na sikumaliza kufundisha kabla hajanipita. Juu ya ukumbi kuna ofisi yenye dirisha kubwa la kioo, na wakubwa wakifunga mlango wao wanadhani wamefunga na maneno. Antena alikuwa anawasoma kutoka chini kama gazeti. Msimamizi alikuwa hajamaliza kusema "wale mbumbumbu wa chini," na chini tulishaanza kucheka.

Mdogo wangu alimwona getini alipokuja kunichukua siku moja nikiwa na homa. Homa yangu akaisahau palepale. Yeye si mtu wa kiwanda. Ni mtu wa barabara, anaendesha lile gari la chuma la kushindilia kifusi, na kampuni yao inamhamisha kila lami inapokauka. Ni mpole, mkubwa kama kabati, anaongea chini chini kama ana maji mdomoni, na juu ya mdomo wenyewe amefuga masharubu yanayoweza kufagia chumba. Wakaoana. Wakapata watoto wawili, sasa wako shule ya bweni. Mimi niliachika kwa hiari yangu na kwa furaha yangu, nikahamia chumba cha pili cha nyumba yao, tukawa tunatumia ua mmoja, bomba moja na jiko moja, tukigombana kiasi cha kawaida.

Sasa nieleze kilichonitoa usingizi. Mwanamke huyu anayepitisha habari za watu wa ukumbi mzima bila kuchoka, alikuwa hataki kushika simu ya mume wake.

Mdogo wangu anapiga kila Jumapili mchana. Huko aliko mtandao ni wa kuotea, anatumia kisimu cha vitufe, ni sauti tu, picha hakuna. Simu ilikuwa ikitetemeka mezani, Antena anaiona, ananisukumia.

"Pokea wewe, wifi. Mikono yangu ina sabuni."

Jumapili nyingine mikono ina unga. Nyingine anakwenda kuoga, na maji ameshayaoga asubuhi. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Ukiniambia kuna kitu ndani ya sanduku, nitakaa na lile sanduku mpaka linichoke. Kwanza nikawaza mwanaume. Nikamchunga kama askari, kazini na nyumbani, sokoni na bombani. Hakuna mwanaume. Nikawaza hasira. Lakini jioni alikuwa akitoa shati la mumewe kabatini, analikung'uta, analinusa kidogo, analirudisha. Mwenye hasira hanusi shati. Basi ni nini?

Halafu ikaja Jumapili moja mdogo wangu hakunisalimia hata.

"Dada, yuko wapi?"

"Yupo hapa. Anafua."

"Jumapili iliyopita alikuwa anakanda. Ya kabla yake alikuwa anaoga. Mke wangu ana kazi nyingi sana siku yangu ya kupiga simu."

"Mwanamke wa nyumba hamalizi kazi, ndugu yangu. Hilo mlikuwa hamlijui kwa sababu hamjawahi kuzifanya."

Hakucheka. "Hata nilipokuja likizo alikuwa hivyo hivyo. Namsemesha, ananikodolea macho mdomoni, anajibu ndiyo mahali pa hapana. Nilimuuliza kama ananikumbuka nikiwa huku, dada. Unajua alinijibu nini? Akasema chumvi imeisha."

Nilicheka mimi. Peke yangu, mpaka nikaona aibu.

"Mwambie maneno haya kama nilivyosema, usiongeze na usipunguze. Barabara hii inakwisha. Kampuni inakwenda kuanza nyingine, mbali zaidi, na wametuuliza nani anakwenda na nani anarudi kwao. Natakiwa kujibu Jumatatu ya wiki ijayo. Jumapili ijayo, siku moja kabla, asipoishika simu mwenyewe nikamsikia, nitaandikisha jina langu niende, na sitapiga tena. Kama amenichoka, aseme. Mimi si mtoto."

Simu ikakata. Antena alikuwa amesimama mbele yangu na shati bichi mkononi, macho yake usoni pangu.

"Anasemaje?"

"Anakusalimu," nikasema. "Anasema ujitunze."

Ulimi wangu unajulikana mtaa mzima kwa ukali, lakini siku ile uliniinamia kama jani. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho ikaja na kesho yake.

Katikati ya wiki ile tulikuwa na masomo. Kiwanda kilikuwa kimeleta injinia mpya asiyejua neno la lugha yetu, na ofisi ikaamua kwamba sisi ndio tujifunze yake, maana yeye ana kazi. Zamu ya mchana ikitoka, tunabaki kantini, vumbi la pamba kwenye nywele, na mwalimu wa kike kutoka sekondari ya jirani anatufundisha Kiingereza. Alikuwa amechoka kuliko sisi, sauti imekauka, lakini alikuwa na moyo. Siku ya kwanza tulimkemea wote kwa pamoja: "Mwalimu, geuka, hatukuoni!" Akadhani tunamtania. Alipoelewa kwamba tunataka kuuona mdomo wake, akazoea kusema akitutazama na kuandika akiwa kimya.

Siku ile aliandika "tell" katikati ya ubao, kubwa.

"Huyu ni mama yao," akasema. "Kuambia. Sasa tazameni watoto wake."

Akawapanga pembeni: "inform," "notify," "report," "announce," "hint," "warn," "leak," "relay," na wengine. Ubao ukajaa.

Mama Bobini, yule anayegawa nyuzi stoo, akapiga meza. "Hawa watu hawana kazi? Sisi tuna kuambia. Inatosha."

"Inatosha kweli?" mwalimu akamuuliza. "Huna kuarifu? Huna kudokeza, kutangaza, kunong'oneza?"

"Kuchongea anayo!" akasema mtu wa nyuma. "Hiyo ndiyo kazi yake ya kudumu, stoo ni kibarua tu."

Tukacheka mpaka vikombe vya kantini vikalia. Lakini Antena, aliyekaa mstari wa mbele kabisa, hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwenye ule ubao kama mtu aliyefunguliwa duka la vitambaa.

"Mwalimu, 'tell' na 'inform' wanatofautiana nini?"

Mwalimu akafikiri. "'Tell' unamwambia mtu. 'Inform' unamwambia mtu ukiwa umevaa viatu vya ofisini."

"Na huyu, 'notify'?"

"Ile karatasi ya ukutani inayokwambia jambo lililokwisha kuamuliwa."

"'Report'?"

"Inatoka chini kwenda juu. Mashine imeharibika, unamripotia mkubwa."

"Na ya juu kuja chini?"

"Wao wanatangaza. 'Announce.'"

Antena akainua mkono wake, kidole gumba kikaelekea juu, kule kwenye dirisha la kioo: "report." Akafungua viganja vyote viwili kutoka mdomoni kama anayemwaga beseni: "announce." Darasa likashika mara moja. Hivyo ndivyo kichwa cha mfumaji kinavyofanya kazi, neno lisilo na mkono halikai. Kwa "hint," kudokeza, akatupa jicho pembeni na kutikisa kidole kidogo. Kwa "warn," kuonya, akavuta ncha ya sikio. "Leak" alitubana kidogo. Mwalimu akaeleza kwamba ni habari iliyotoka bila ruhusa, kama maji kwenye bomba bovu, na aliyetoboa hajulikani.

"Hapa kwetu anajulikana," Mama Bobini akasema, na darasa zima likanigeukia mimi.

"Nitazameni vizuri," nikawaambia, "kesho nitavujisha umri wenu."

Antena akafunga ngumi na kudondosha vidole kimoja kimoja. Hiyo ikawa "leak."

Tukafika "relay." Mwalimu akaeleza: neno unalipokea kwa huyu unalifikisha kwa yule, kama lilivyo. Antena akachukua kitu cha hewani kutoka bega la kushoto, akakiweka bega la kulia, taratibu, kama anayehamisha yai.

"Bila kutia chumvi?" akauliza.

"Bila chumvi."

"Basi wifi yangu hana kitenzi hicho."

Kantini ikalipuka. Mimi nilicheka pia, kwa meno ya nje. Ndani nilikuwa na maneno ya mdogo wangu yamekaa kama kokoto kwenye kiatu.

Kabla ya kutoka Antena akauliza la mwisho. "Kama jambo ni langu mwenyewe, nimelifunika, halafu nikalisema. Hilo ni lipi?"

Mwalimu akaandika "disclose." Nikamsubiri Antena alitengenezee mkono. Hakutengeneza. Alilitazama tu, akakunja mtandio wake, akasema twende.

Somo lililofuata mwalimu alitaka kuona nani ameshika na nani anaiga jirani.

"Fumbeni macho wote. Nitasema neno la Kiingereza, na nyinyi mtafanya alama yake. Asichungulie mtu."

Tukafumba. Nikasikia: "Announce." Nikamwaga beseni langu. "Report." Kidole juu. "Leak." Hapo nikachungulia, kwa sababu kuambiwa nisichungulie ni kunialika. Na kilichokuwa mbele yangu sikisahau. Kantini nzima ya watu wazima waliofumba macho, ngumi zimeinuka, vidole vinadondoka kama mvua, na katikati yao yule aliyezitunga alama zote amekaa na mikono mapajani. Ameinua uso, macho ameyafumba kwa utii, katabasamu kadogo mdomoni, kama mtu anayemsubiri kinyozi aanze.

"Warn," mwalimu akasema. Watu wakavuta masikio. Antena hakutikisika. Halafu akafungua jicho moja, akamwona jirani aliyebaki nyuma bado ana ngumi, akafanya haraka ngumi yake. Alama ya neno lililokwisha kupita.

Nikainua macho. Mwalimu alikuwa anamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. "Fumbueni," akasema, "leo inatosha."

Njiani nilimfuata nyuma. Nilikuwa naunganisha. Sufuria iliyochemka mpaka ikazima moto yeye akiwa amekaa kando yake. Mimi kumwita kutoka chumbani asiitike, nikanuna siku nzima nikisema ana majivuno. Sisi wenyewe wafumaji, nani ana masikio kamili? La kwangu la kushoto linasikia kama limetiwa ndani ya gunia. Kiwandani uziwi ni kama vumbi la pamba, kila mtu anao kiasi chake na hakuna anayeuliza. Lakini kiasi kile?

Nilimkuta uani, ameelekea ukutani, anachagua mchele kwenye sinia, miguu peku juu ya saruji. Nikasimama nyuma yake.

"Wifi, moto!"

Anachagua mchele.

"Wifi, mumeo ameoa mke wa pili, mnene, ana meno ya dhahabu."

Anachagua mchele. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikauachia chini. Hapo akageuka. "Umeangusha nini?" Nikakaribia kupumua, kisha nikaiona ile miguu peku. Ilikuwa ni sakafu iliyomwambia.

Nikazunguka nikakaa mbele yake. Nikafungua mdomo bila kutoa sauti hata chembe. "Mchele una mawe?"

"Wa leo afadhali," akajibu kwa sauti yake ya kila siku.

Nikasogea mpaka magoti yetu yakagusana.

"Wifi," nikasema, bado kwa midomo mitupu. "Sijatoa sauti."

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Halafu akaanza tena kuchagua, lakini sasa alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo," akasema. "Kwanza ndege waliacha kulia. Nikadhani wamehama. Halafu mvua, naiona tu dirishani. Halafu watoto wakiwa chumba cha pili. Sauti ya mume wangu ndiyo iliyobaki mwisho, kwa sababu ni nzito. Halafu nayo ikageuka mngurumo, kama gari linalopita barabara ya nyuma. Siku moja nikaweka simu sikioni, nikaona ni sahani."

"Na hukusema! Kwangu mimi!"

"Kwako wewe? Ningesema saa ya chai, saa ya kutoka ingekuwa imefika getini."

Hilo nikaliruka, nikaenda la pili. "Na kwake yeye?"

"Nitamwambiaje? Umemwona akiongea? Chini ya yale masharubu hakuna mdomo. Nimekaa naye likizo nzima nikibahatisha. Akinyanyua nyusi nasema ndiyo, akikunja nasema hapana, na nimekosea nusu. Alinioa nikiwa mzima, wifi. Zamani tukizima taa tulikuwa tunaongea mpaka usingizi. Sasa nikizima taa nimempoteza. Sitaki mume atakayekaa na mimi kwa huruma, kama anayelea kuku aliyevunjika mguu."

"Basi utakaa bila mume kabisa," nikasema. Ulimi wangu ulikuwa umenirudia.

Nikachukua hewani kutoka bega la kushoto, nikaweka bega la kulia. Alielewa kabla sijamaliza, uso ukabadilika. Nikampa maneno ya mdogo wangu yote: barabara inayokwisha, Jumatatu, jina la kuandikishwa, mimi si mtoto. Hata lile la chumvi nikampa. Nilikuwa sijawahi kubeba mzigo bila kuupunguza njiani, na niliona ni kazi kuliko kufuma.

Akasimama, mchele ukamwagika wote. "Umekaa na maneno haya tangu Jumapili?"

"Wewe umekaa na masikio yako tangu lini?"

"Ni masikio yangu!"

"Na ni ndugu yangu!"

Tukatazamana kama majogoo, naye sasa kwa midomo mitupu kama mimi. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akatuona tunapiga kelele bila sauti, akarudi ndani. Antena akainama, akaanza kukusanya mchele kwa viganja. Nikainama nami.

"Nimwambie mimi?" nikauliza. Nakiri nilikuwa na hamu. Habari kubwa kama ile haimwangukii mtu kila siku.

"Hapana. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Lakini atakachojibu utanipa wewe. Chote."

"Chote?"

"Hata kama ni tusi. Hata kama ni kwaheri. Ukipunguza nitakuona, wifi. Nakusoma tangu nilipokuwa nafagia chini ya miguu yako."

Jumapili ile aliweka vigoda viwili chumbani kwake, vikitazamana, karibu na dirisha. Akafunga mlango kwa komeo. Akanishika kidevu na kunigeuza mpaka mwanga ukanikaa usoni, akanirudisha nyuma kidogo, kama mpiga picha mwenye mteja mbaya. Hakuwa na sabuni mkononi wala unga. Mikono ilikuwa mitupu, ameiweka magotini.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Nikapokea, nikaiweka kwenye sikio langu lile zima, na sehemu ya kusemea nikamwelekezea yeye.

"Mume wangu," akasema, kwa sauti kubwa mno, inayopanda na kushuka ovyo. "Ni mimi."

Kule kukawa kimya. Nikamwonyesha kiganja kitupu: hakuna kitu bado.

"Leo hakuna kufua?" mdogo wangu akasema.

Nikalirudisha kwa midomo, na ule uchungu wake nao nikautia, kwa sababu ulikuwemo. Antena akasogeza kigoda chake mbele.

"Sisikii," akasema. "Wewe sikusikii, simu siisikii, sisikii mtu yeyote. Masikio yangu yamekufa yote mawili. Dada yako amekaa mbele yangu, anayasema maneno yako kwa mdomo wake, na mimi ninayasoma. Sikukuchoka. Niliogopa. Sasa sema unachotaka kusema, na ukisema unakwenda, atanipa hilo hilo."

Nilisikia mitambo ikipita kule aliko, na mtu akiita mtu, na pumzi za mdogo wangu. Antena alikuwa ananitazama mdomo bila kupepesa. Niliyaona macho yake yakiomba nifungue, na sikuwa na cha kufungulia.

"Anapumua," nikamwambia. Ndilo lililokuwepo.

"Ile ya chumvi," mdogo wangu akasema hatimaye, sauti imekwaruza. "Siku ile nilipomuuliza."

Nikalipitisha. Antena akafunika uso, kisha akaufunua upesi asije akapitwa. "Nilidhani unaniuliza kama kuna kitu kinakosekana nyumbani."

Mdogo wangu akatoa mlio ambao sikujua ni kicheko au ni nini, na sikujua nitaurudishaje. Nikajaribu kuufanya na uso wangu. Antena akaelewa kuliko mimi.

"Dada," mdogo wangu akasema, "toka kidogo, niongee na mke wangu."

"Nikitoka mimi mnabaki na sahani," nikamwambia. "Endelea. Jifanye sipo."

Akaendelea. Ndugu zangu, kuna maneno ambayo dada hakuumbwa kuyasema kwa niaba ya mdogo wake. Alisema alikuwa akilala kwenye mahema yao akimchukia, na akiamka chuki haipo, anaanza upya kuitafuta. Nikalisema. Alisema alimdhania mwanaume mwingine, akamwomba radhi. Nikalisema. Alisema ataandikisha jina kesho, kwenye orodha ya wanaorudi, na kama huku hakuna barabara ya kushindilia, atashindilia hata ua wetu. Nikalisema, na sauti yangu ikanisaliti, ingawa hapakuwa na wa kuisikia isipokuwa mimi na lile sikio langu moja. Halafu akaingia kwenye mambo ya taa kuzimwa, na namna atakavyomwandikia maneno mgongoni kwa kidole, herufi moja moja. Nikafumba mdomo na macho.

Antena akanipiga kofi gotini. "Midomo, wifi! Ulisema chote!"

Nikafumbua nikasema chote, nikitazama kona ya dari, masikio yangu yanawaka moto. Yeye alikuwa analia na kunicheka kwa wakati mmoja.

"Muulize," mdogo wangu akasema, "nitafanyaje ili anione nikisema? Nifanye mdomo namna gani?"

Antena akamjibu mwenyewe kwa ile sauti yake iliyopotea njia: "Panua. Usiharakishe. Kama unatafuna kitu cha moto."

Hapo simu ikaharibika. Nilisikia "aaa" na "ooo" na "mmwaa," kama ng'ombe aliyenasa kwenye matope, na nyuma yake wenzake wakivunjika mbavu kwa kucheka. Sikuambulia hata neno.

"Anasemaje?" Antena akauliza, amenisogelea mpaka pua zetu zinagusana.

"Sijui! Anapanua mdomo. Yuko kando ya barabara, mbele ya wenzake, na kisimu cha vitufe, anapanua mdomo kama utamwona."

Antena akanitazama, kisha akaitazama simu iliyokuwa sikioni kwangu, akakaa vizuri kwenye kigoda chake na kujifuta macho kwa mtandio.

"Mwache," akasema. "Mwambie aendelee."